Maji ya Jumamosi

Migori,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Kwa Baba Mdogo Zablon,

Nakusalimu wewe na Mama Mdogo Nyanchama, nikitumaini kwamba mu wazima hapo Rasira. Sisi huku hatujambo. Mama bado yuko kwangu tangu Krismasi, goti lake limepungua kuuma na sasa ameanza kunisahihisha jikoni, ndipo najua amepona. Cephas wangu ameingia gredi ya nne. Ameniambia niwasalimu na kwamba akija Aprili anataka umpe ile kofia yako ya serikali.

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu sasa ni kazi bure. Mara ya mwisho nilipaza sauti hadi majirani wakatoka nje kuona kuna nini, na wewe bado hukusikia. Barua hii nampa Leonida wa hapo kwenu, huja soko la hapa kila Alhamisi na omena yake, dagaa wa ziwa, na amekubali kuwa posta yetu.

Mwezi jana walitupeleka Mombasa, sisi wa mradi wa magati ya ziwani, tukae na wenzetu wa bandarini siku nne. Unajua serikali imeamua kwamba bandari zake zote, za baharini na za ziwani, zijengwe ziweze kustahimili maji yanayopanda na dhoruba. Wenzetu wana chombo kinachopima bahari kila dakika, mchana na usiku, bila mtu kukigusa. Nilipokiona nilikukumbuka na mwavuli wako na daftari lako, ukiinama mbele ya ule ubao wa namba kwenye nguzo ya gati kusoma kimo cha maji, saa tatu asubuhi na saa kumi na moja jioni. Niliwaambia kwamba sisi ubao wetu una Baba Mdogo. Walicheka, lakini kwa heshima.

Sasa nina swali dogo la kikazi. Gati jipya la Rasira limechorwa kwa kufuata nakala za daftari zako tulizo nazo ofisini. Nilipozipitia tena juzi niliona kwamba Jumamosi, asubuhi na jioni, huwa na namba ile ile ya Ijumaa jioni. Si mara moja wala mbili. Nimerudi nyuma hadi mwaka 1998 na ni hivyo kila wiki. Ungeniandikia mistari miwili tu ya kunieleza, niiweke kwenye faili.

Nawapenda. Mwanao,
Nyakerario


Rasira, Homa Bay,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa binti yangu Nyakerario,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako ilifika ikinuka omena, kwa hiyo posta yetu ni ya kuaminika. Mwambie mama yako afanye mazoezi ya goti lakini asipande ngazi. Mwambie Cephas kofia ya serikali hairithiwi kabla mwenyewe hajamaliza kuivaa.

Hapa tuna habari njema. Wazee wa kanisa wameniomba nitoe ushuhuda kwenye kambi ya Agosti, kule Oyugis. Wanataka vijana wasikie jinsi nilivyokataa kufanya kazi Sabato tangu mwaka ule wa 1998, wakubwa wakaniachia siku yangu, na Mungu akailinda kazi yangu hadi leo. Mama yako Mdogo ameshaanza kunitafutia koti. Nasema sihitaji koti jipya, yeye anasema ushuhuda wa miaka ishirini na saba hauwezi kutolewa na kiwiko nje.

Mahindi tumeyapanda mapema, tuone. Leonida anatembea vizuri zaidi ingawa fimbo hajaiacha, na mguu humuuma mvua ikikaribia. Anasema sasa yeye ndiye redio ya hali ya hewa. Kile kikundi chao cha kina mama wa omena bado kinaanika kwenye mchanga, maana kwenye mchoro wenu wa gati jipya hawakupewa stoo. Nadhani hilo unalijua kuliko mimi.

Kuhusu swali lako, labda ziwa nalo ni Msabato. Siku sita linapanda na kushuka, ya saba linapumzika. Andika hivyo kwenye faili.

Baba yako Mdogo,
Zablon Omanga


Migori,
Jumatatu, 24 Machi 2025

Kwa Baba Mdogo,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kuhusu kambi, na kuhusu koti. Huku mvua imeanza na barabara ya kuelekea Rongo imeshaanza mashimo yake ya kila mwaka. Mama amerudi nyumbani jana.

Nilicheka kuhusu ziwa Msabato. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu jibu hilo siwezi kuliweka popote.

Ngoja nikueleze mambo yalivyo ili usiseme nakusumbua bure. Sakafu ya gati jipya itakaa kwenye kimo cha mita tatu na sentimita tisini za ubao wako. Kimo hicho kimepatikana kwa kutafuta siku ambayo maji yalipanda zaidi kuliko siku zote, yaani mita tatu na sentimita ishirini na moja, kisha kuongeza nafasi ya mawimbi. Mwezi wa saba wanamwaga zege. Zege likishamwagwa, Baba Mdogo, hakuna atakayelinyanyua tena, litakaa hapo hadi Cephas awe na wajukuu.

Sasa tazama tarehe 4 Mei mwaka jana, siku ambayo gati la zamani lilivunjika na Leonida akavunjika mguu. Ilikuwa Jumamosi. Daftari inasema Ijumaa jioni maji yalikuwa mita tatu na kumi na nane, Jumamosi asubuhi tatu na kumi na nane, Jumamosi jioni tatu na kumi na nane. Kwa maneno mengine, siku hiyo maji hayakusogea. Waliotumwa kuchunguza walifungua daftari, wakaiona namba hiyo, wakaandika kwamba maji hayakuwa na kosa. Wakaandika kwamba gati lilivunjwa na kina mama kwa kulirundikia magunia kupita kiasi. Hiyo ndiyo sababu kikundi cha Leonida kikanyimwa stoo kwenye gati jipya, wakaambiwa wamethibitika kuwa watumiaji wasiofuata kanuni. Niliisoma ripoti hiyo kwa macho yangu.

Nakuuliza bila mzaha. Siku ile maji yalifika wapi?

Mwanao,
Nyakerario


Rasira,
Jumatatu, 19 Mei 2025

Nyakerario,

Hatujambo. Mama yako Mdogo alikuwa na malaria, amepona. Mahindi yamefika magotini.

Umeona nimekaa karibu miezi miwili bila kujibu. Leonida amekuwa akipita hapa kila Jumatano jioni kuuliza kama kuna barua ya Migori, na kila Jumatano nimemwambia bado. Unadhani ni rahisi kumkabidhi mwanamke yule bahasha yenye mambo haya ndani, aichukue mkono mmoja na fimbo mkono mwingine? Yeye hata haulizi tunaandikiana nini. Ananiita mzee kwa Kijaluo chake tu, "Jaduong', usichelewe, lori haingojangi mtu."

Mimi nimekasirika, na nitakwambia kwa nini. Umeniuliza jambo unalolijua. Ulikaa nyumba hii tangu baba yako Orina alipofariki hadi ulipokwenda chuo. Ulipokuwa darasa la sita ulikuwa ukija nami gatini Jumapili asubuhi, ukaniona nikijaza siku mbili kwa mpigo. Ukaniuliza mbona naandika ya jana na jana hatukuja. Nikakwambia jana maji yalikuwa yale yale. Ulinitazama kwa namna ambayo sijaisahau, kisha ukanyamaza. Umenyamaza miaka ishirini na miwili. Leo unaniandikia kwa lugha ya faili, "nilipozipitia tena juzi niliona", kama mtu aliyeokota kitu njiani. Uliona lini, binti yangu? Mchoro wa gati ulifanyika mwaka jana. Nani alizisoma daftari wakati huo?

Sasa nikujibu. Mwaka 1998 nilipobatizwa niliiandikia idara yenu kuomba msomaji wa pili, wa Jumamosi tu. Niliandika mara tatu. Hawakukataa na hawakukubali, hawakujibu kabisa. Fomu zao zilikuwa na safu saba kwa wiki, na msimamizi wa wakati ule alinitamkia kwa mdomo kwamba fomu yenye safu tupu itarudishwa na mtu atatafutwa mwingine. Nilikuwa na watoto wanne nyumbani, wewe ukawa wa tano baadaye. Nikajaza. Kanisani niliposema wakubwa wameniachia Sabato yangu nilisema nusu, na watu wakaipenda ile nusu mno. Kila mwaka waliniomba niirudie. Nikifika pale pa kusema "Mungu akailinda kazi yangu", wanasema Amina, nami nakaa chini na jasho.

Amri ya nne, ile ya Sabato, niliishika kwa kuivunja ya tisa, ile inayokataza ushahidi wa uongo. Hayo ndiyo maelezo. Sijui utayaweka faili gani.

Zablon


Migori,
Jumatatu, 2 Juni 2025

Kwa Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa kupona kwa Mama Mdogo. Mpe pole zangu, na nimempakia Leonida majani ya chai na sukari amletee.

Una haki ya kukasirika. Mchoro wa mwaka jana niliufanyia hesabu mimi. Ile mita tatu na tisini ni namba yangu. Nilipofika kwenye zile Jumamosi nilijua ni za nini, nilijua hata mahali unapokalia ukizijaza. Niliona kabisa kwamba siku ambayo gati lilivunjika haina kipimo. Nikajiambia si kazi yangu kumvua baba yangu nguo mbele ya ofisi nzima. Nikaiacha ile tatu na kumi na nane ikae, nikapiga hesabu kana kwamba ni kipimo cha kweli, nikatia sahihi.

Kisha nikapelekwa Mombasa. Siku ya tatu walituonyesha mahali ambapo maji ya bahari yaliwahi kuingia kwenye ghala, na mzee mmoja wa pale akatuambia kwamba wao hawakuogopa sana dhoruba, waliogopa daftari yenye pengo. Sikulala vizuri. Niliporudi nilikuandikia ile barua ya kwanza, nikitaka wewe ndiye useme ili mimi nisiseme. Nakuomba radhi kwa hilo. Nilikutumia kama ngao na ulikuwa umenilea.

Nimefikiria sana kuhusu serikali katika jambo hili, maana mimi sasa ndiyo serikali, angalau kwa hapa Migori. Tunapenda kusema kazi yetu ni kuzipa bandari nguvu, na tukisema hivyo tunawaza nyundo, mawe na zege. Lakini kazi ya kwanza ya serikali pale Rasira ilikuwa kutuma mtu wa kusoma ubao siku moja kwa wiki. Kazi ya pili ilikuwa kujibu barua yako. Zote mbili hazingegharimu zege hata ndoo moja. Na baada ya gati kuvunjika, kazi ya tatu ilikuwa kuwauliza kina mama waliosimama ndani ya maji, kabla ya kuiuliza daftari. Tulifanya kinyume.

Kesho nampelekea Mhandisi Gisiri, mkuu wetu, maelezo yangu kwa maandishi. Namjua, atasema serikali hujenga juu ya kilichoandikwa na si juu ya kilichosikika. Kwa hiyo nahitaji vitu viwili kutoka kwako: karatasi yenye sahihi yako inayosema Jumamosi hazikusomwa, na kimo ambacho maji yalifikia tarehe 4 Mei. Bila hivyo watamwaga.

Mwanao anayekupenda,
Nyakerario


Rasira,
Jumatatu, 16 Juni 2025

Binti yangu,

Chai imefika, Mama yako Mdogo anakushukuru.

Maji yalifika wapi sijui. Nilikuwa kanisani, juu kule mlimani. Mvua ilipiga mabati na sisi tukaongeza sauti ya nyimbo. Jumapili asubuhi nilishuka nikakuta gati limelala ubavuni na matope kila mahali, na nikaambiwa Leonida amepelekwa hospitali. Ubao ulikuwa umesimama kwenye nguzo yake, maji yamesharudi chini. Nikaufuta matope, nikasoma, nikaandika ya Jumapili. Kisha mkono ukarudi nyuma na kujaza ya Jumamosi kama ulivyozoea. Hata sikufikiri. Nilikuja kufikiri Jumatatu, watu wa uchunguzi walipofika na kuniomba daftari, nami nikawapa.

Hilo ndilo ambalo sikutaka kuliandika. Niliwapa, nikasimama kando na kofia yangu, nikawasikiliza wakisoma namba ile kwa sauti. Masikio yangu wakati ule yalikuwa bado mazima.

Niache kidogo. Nikiitoa hiyo karatasi sitakuwa na la kusema Oyugis, wala hapa.

Zablon


Migori,
Jumanne, 1 Julai 2025

Kwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Tu wazima, Cephas anakohoa tu.

Gisiri alisoma maelezo yangu mbele yangu, mara mbili. Hakufoka. Aliniuliza kwa nini sikusema mwaka jana nikamwambia ukweli. Nimeondolewa kwenye hesabu za magati hadi kamati ya nidhamu ikae. Kwa sasa napanga faili za zamani kwenye chumba cha nyuma, na unajua, nimezikuta barua zako. Zote tatu, 1998, 1999 na 2001. Zilipigwa muhuri wa kupokelewa. Nilizisoma nikiwa nimesimama. Mwandiko wako ulikuwa mzuri sana wakati ule.

Nimempelekea Gisiri nakala. Alizisoma, kisha akasema atangoja hadi tarehe 31 Julai. Kontrakta ameshaleta vyuma Rasira na kila siku ya kungoja anailalamikia. Gisiri anataka alama, kitu ambacho mpima anaweza kukiwekea darubini. Amesema, na namnukuu kwa sababu naona ni mtu mwema anayejaribu: "Nyakerario, mimi sina ubishi na mzee wako. Nipe mahali maji yaliposimama, nitainua sakafu. Ukikosa, naenda na karatasi iliyopo."

Mwenzangu Lynnet, ambaye ni mpima, yuko tayari kuja huko Jumapili ya tarehe 20 na chombo chake. Mimi sijaruhusiwa kukanyaga kwenye mradi.

Sitakuambia ufanye nini. Nitakuambia ninachoogopa. Naogopa Jumamosi moja miaka mitano ijayo, meli ya abiria imefunga gatini, watu wako kwenye sakafu niliyoipimia mimi, na maji yanakuja yale ambayo sisi wawili tu tunajua kwamba hatukuyaandika.

Nyakerario


Rasira,
Jumatatu, 21 Julai 2025

Kwa binti yangu Nyakerario,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Mama yako Mdogo hajambo, ingawa koti limerudishwa kwa mwenye duka. Barua hii inakuja na Momanyi wa vitunguu, si na Leonida, na utajua kwa nini.

Alhamisi iliyopita hakwenda Migori. Jumatano alipopita kuuliza barua nilimwambia akae. Nilimweleza yote kwa sauti ya chini, na kwa kuwa siisikii vizuri sauti yangu mwenyewe huenda nilipiga kelele, maana kuku walikimbia. Nilimwambia kuhusu Jumamosi, kuhusu daftari, na kuhusu siku ile niliyoikabidhi kwa watu wa uchunguzi. Nilipomaliza alinisogelea sikioni ili nisikie vizuri, akasema, "Jaduong', kumbe ulijua. Mwaka mzima tunaitwa wenye kuvunja gati, na wewe unakula omena yangu." Akachukua fimbo yake akaondoka. Nilitamani angenitukana.

Sabato, baada ya somo, niliomba dakika tano. Wakadhani najaribisha ushuhuda wa Oyugis, wakanyamaza vizuri na wengine wakatabasamu. Nikawaambia ile nusu nyingine. Sitakueleza nyuso zao. Mchungaji aliomba sala ndefu kisha akanishika mkono mlangoni, lakini wazee wenzangu walikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Oyugis watamtafuta mtu mwingine. Nilishuka mlima peke yangu na nikashangaa kwamba nina njaa.

Jumapili Lynnet alifika saa nne na vyombo vyake vya miguu mitatu. Ni msichana mpole, ameniita baba. Nikampeleka kwenye stoo ya zamani ya kina mama kando ya gati, ile ambayo bado ina kuta tatu. Tukatafuta alama ya matope ukutani. Hakuna. Wachunguzi walikuwa wameamuru ipigwe chokaa baada ya mkasa, pakaonekana pasafi. Lynnet akaniuliza kama kuna chochote kingine. Nikamwambia hakuna. Nilikaa kwenye jiwe, na nilikuwa nikilia, sitakuficha.

Hapo wakaja. Misa ilikuwa imetoka. Walikuwa kina mama kumi na mmoja, na nguo zao za kanisani, Leonida mbele. Hakunisalimu. Alimwendea Lynnet akamuuliza ni nini anatafuta, na Lynnet akamwambia anatafuta mahali maji yalifika. Leonida akasema, "Hiyo tu? Hiyo mbona sisi tunajua. Hakuna mtu ametuuliza."

Unajua wanavyopanga magunia ya omena wanapongoja lori. Wanaweka sita, moja juu ya jingine, yamebanwa kwa ukuta, na hawabadilishi kamwe kwa sababu kila mama anajua lake kwa nafasi yake. Siku ile magunia yaliyotoka kisiwani Remba yalikuwa yameshapangwa humo stooni. Maji yalipotoka, matatu ya chini yalikuwa yameoza, la nne lilikuwa limelowa nusu, na yale mawili ya juu waliyauza kavu. Lile la nne lilikuwa la Leonida. Bintiye alilimwaga juani siku ya Jumatatu, yeye akiwa hospitalini akiwekwa plasta, na binti anakumbuka omena ilibadilika rangi pale pale katikati, juu nyeupe na chini nyeusi.

Basi wakaenda wakaleta magunia. Wakayajaza, wakayashindilia kwa magoti na hizo nguo zao nzuri, wakayapanga ukutani kama siku ile, matatu, kisha la nne. Leonida akaweka kiganja chake katikati ya gunia la nne. Akasema, "Hapa." Wengine wakasema ndiyo, hapo. Lynnet akaniambia nichore mstari ukutani kwa penseli, nikachora usawa wa kiganja chake. Mstari umenyooka. Kisha Lynnet akasimamisha darubini yake, akatazama mstari, akageuka akatazama ubao wangu kule kwenye nguzo, akarudia mara tatu, akaandika.

Mita nne na sentimita tano. Maji yale yangepita juu ya sakafu yako mpya, Nyakerario. Yangefika kwenye vifundo vya miguu ya watu.

Lynnet amesema kwa alama hiyo Gisiri hawezi kumwaga, lazima anyanyue. Kina mama waliposikia hawakushangilia. Mmoja aliuliza kama ile ripoti sasa itafutwa, inayosema ni wao waliovunja. Lynnet akasema hilo si la mpima. Wewe uko chumba cha faili, jibu hilo ni lako. Usiridhike na sakafu kuinuliwa peke yake.

Kabla hawajaondoka nilifungua daftari ya mwaka jana, ambayo wachunguzi walinirudishia, kwenye ukurasa wa Mei. Nilikata ile tatu na kumi na nane ya Jumamosi jioni kwa mstari mmoja, ili bado isomeke, nikaandika pembeni nne na sifuri tano, na tarehe ya jana. Kwenye kila ukurasa kuna mahali pa jina la msomaji. Nilipeleka kalamu pale kwa mazoea na Leonida akaizuia kwa fimbo yake. Akaniuliza sikioni, "Siku hiyo ni nani alisoma?"

Nikamwambia, "Ni wewe."

Akaichukua kalamu. Aliandika Leonida Akumu, polepole, herufi kubwa kubwa hadi zikaingia kwenye safu ya Jumapili. Hajanisamehe, wala sijathubutu kumwomba. Ukurasa huo nimekufungia humu pamoja na karatasi yenye sahihi yangu. Mpelekee Gisiri yote mawili, na akikuuliza mwandiko ni wa nani, mwambie ni wa mtu aliyekuwapo.

Baba yako Mdogo,
Zablon Omanga